Choo cha Watu Wanane

Watu wakinilalamikia vyoo vyao, huwa sisemi kitu mpaka wamalize. Wakimaliza nawauliza maswali matatu. Kinanuka lini, asubuhi au mchana? Nzi wake ni wale wakubwa wa kijani au ni wadogo weusi? Na mnakwenda wangapi? Maswali mawili ya kwanza hunijibu kweli. La tatu hunidanganya, na ni hilo la tatu nitakalolieleza hapa, maana nusura limuue mama mkwe wangu.

Baba yangu alikuwa mpagazi kutoka Pangani. Alifika Arusha na mzigo wa Mjerumani kichwani, akautua, akakataa kuubeba tena. Mimi nilikuwa mtoto mdogo. Nikakulia chini ya boma, katika nyumba za Waswahili, kati ya wauza chumvi na wake wa askari.

Kazi ya vyoo sikuichagua. Siku moja askari alikuja mtaani kutafuta mtu mrefu. Wenzangu wote wakainama wakajifanya wanafunga viatu, na wengi wao hata viatu hawakuwa navyo. Mimi sikujua kuna nini, nikabaki nimesimama. Nikapelekwa bomani, nikateremshwa shimoni, nikaambiwa nisimame wima ili waone kina kimefika wapi. Kilifika kidevuni. Tangu siku hiyo nikawa fundi.

Aliyenifundisha alikuwa Mzungu mmoja aliyeshughulika na wagonjwa pale bomani. Hakuwa daktari hasa. Alikuwa mwanajeshi mwenye sanduku la chupa na daftari. Sisi tulimwita bwana wa dawa. Kiswahili alikijua vizuri, ila alikisema kana kwamba kila neno limemkosea adabu. Hakuwa mtu katili. Alikuwa mtu wa hesabu, na mtu wa hesabu akikushika na lake ni afadhali katili, maana katili huchoka.

Choo cha kwanza cha Kizungu nilichokabidhiwa kilikuwa cha kaure nyeupe. Kililetwa kichwani kutoka Moshi, kikapachikwa sakafuni kwenye nyumba ya bwana mmoja mkubwa. Bomba hakikuwa nalo. Ukimaliza haja unamwaga ndoo ya maji, basi. Nikaambiwa nikitunze. Nilipochungulia nikaona maji yamesimama ndani yake. Nikasema moyoni, ahaa, kimeziba. Nikayachota kwa kata, nikapangusa kwa kitambaa mpaka pakawa pakavu kama sahani ya Idi. Kesho yake maji yamesimama tena. Nikakausha tena. Nilikausha siku nne, na kila siku nyumba ilizidi kunuka, hata mpishi akahamishia sufuria zake uani.

Siku ya tano bwana wa dawa akanionyesha. Koo la chombo kile lilipinda kama shingo ya bata, na maji yale yaliachwa pale makusudi, yawe mlango wa kuzuia harufu isirudi juu. Kila nilipoyakausha nilikuwa naufungua mlango. Alinieleza mara mbili, kisha akaniita punda mara tatu. Nilikubali. Si kila kilichosimama kimeziba.

Baadaye askari wengi wakashikwa na tumbo la kuhara, na amri ikatoka. Kila nyumba, kutoka mjini hadi Kijenge na Moshono, iwe na choo cha shimo, na kila mtu mzima akitumie. Atakayekwenda migombani atalazwa chini apigwe hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano. Mimi nikapewa ufito wenye alama, niwe napita nyumba kwa nyumba kupima, kuchimbisha, na kutibu vinavyoumwa.

Na viliumwa, Mungu ndiye shahidi. Udongo wa chini ya Meru ni mweusi, mwepesi, ni jivu la mlima. Kuuchimba ni raha, kusimama ndani yake ni kujitafutia mazishi. Vyoo vilikuwa vinabomoka kila masika. Nikawafundisha watu kusuka fito kuzunguka shimo, kama wanavyosuka ghala la mahindi. Kinachonuka mchana hakina kifuniko. Weka mfuniko na majivu ya jikoni. Kinachonuka asubuhi kimeingiwa na maji. Tafuta mfereji uko wapi, maana watu wa huku hupitisha mifereji ya kumwagilia migomba kila mahali, halafu wanachimba choo chini yake na kushangaa kinafurika. Nzi wakubwa wa kijani, mwanga unaingia shimoni. Wadogo weusi, ni unyevu umezidi. Mzee mmoja wa Kiarusha alichimba choo kizuri kuliko vyote nilivyoviona, akalaza ndama wake ndani, kwa sababu fisi wasingeweza kumfikia. Nilimwandika kuwa anacho.

Kuhusu kina nilikuwa na kanuni yangu mwenyewe, na naitumia hadi leo: kila mtu dhiraa moja, kiwiko hadi ncha ya kidole, kwenda chini, nacho kitawatosha miaka mitatu. Watu wanne, dhiraa nne. Kanuni hii haijawahi kuniangusha, isipokuwa mara moja, na mara hiyo si kanuni iliyoanguka.

Mke wangu alikuwa binti wa Kichaga. Baba yake alihama kutoka upande wa Machame akajipatia shamba la migomba Moshono. Alinipa binti yake kwa shingo upande, baada ya mbuzi wengi na mbege nyingi, pombe yao ya ndizi, ambayo mimi sikuinywa, jambo lililomtia shaka zaidi. Wiki ya kwanza ya ndoa yetu, mke wangu aliniona nimeshika kopo la maji naelekea uani.

“Unakwenda wapi?”

Nikamwambia.

Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyegundua mumewe ana donda alilolificha siku ya posa.

“Kila siku?”

“Kila siku, Mungu akijalia.”

“Pole,” akasema, na alisema kwa moyo kabisa.

Ndipo akanieleza. Kwao, mwanamume akishatahiriwa na kufundwa, huzibwa. Jambo hilo wanaliita ngoso. Tangu siku hiyo haendi tena haja kubwa mpaka anaingia kaburini. Chakula chote anachokula kinakuwa nguvu. Wanaokwenda ni wanawake na watoto, na ndiyo maana mwanamume ni mwanamume.

“Na wewe unaamini?” nikamwuliza.

“Mimi ni mwanamke. Naamini nilivyofundishwa.”

Nilikuwa kijana, nikadhani amenijibu.

Sasa amri ile ilipofika Moshono, ilibidi nimchimbie choo baba mkwe wangu. Kwa desturi, mkwe na baba mkwe hawaongei habari za mwili. Hata kula hatukuwa tukila tukitazamana. Leo nimesimama mbele yake na ufito wa kupimia choo mkononi, jasho linanitoka na bado ni asubuhi yenye baridi.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba, mkwe.”

“Baba, nimekuja kwa ile amri. Nichimbe cha watu wangapi?”

Mzee akautazama Mlima Meru kwa muda mrefu. Ulikuwa umefunikwa na wingu. Hapakuwa na cha kutazama.

“Wanawake wanne,” akasema.

Nyumba ile ilikuwa na watu wanane. Mzee mwenyewe, wake zake wawili, mabinti wawili ambao hawajaolewa, na vijana watatu wa kiume, wote wametahiriwa, wote na vifua kama milango. Nikakohoa.

“Baba, amri inasema kila mtu mzima…”

“Nimesema wanawake wanne. Hukusikia?”

“Nimesikia baba.”

Nikachimba dhiraa nne. Fundi angekataa, lakini mkwe hakatai.

Mwaka ukapita, na nusu yake. Siku moja shemeji yangu mdogo akaja mjini na ujumbe. “Mama anasema choo kinaumwa.” Nikachukua ufito nikapanda Moshono. Nikauteremsha shimoni, haukuteremka. Kilikuwa kimebaki shibiri mbili kufika juu.

Nikakipima ugonjwa kama nilivyofundishwa. Maji? Hapana, pakavu. Mfereji? Uko chini ya mteremko, mbali. Kuta zimebomoka? Zilikuwa imara, nilizisuka mwenyewe. Majivu yamezidi? Kidogo tu. Choo cha miaka mitatu kimejaa kwa nusu ya muda wake. Hata mtoto angejua hesabu hiyo. Ngoso ni ngoso, lakini mvua ya masika nayo ni mvua, na kibanda nilichokijenga juu ya shimo lile kilikuwa na paa zuri la majani ya migomba.

Mama mkwe wangu, mke mkubwa wa mzee, alikuwa amesimama karibu, mikono ameikunja tumboni. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye macho yasiyokosa kitu.

“Kinasumbuliwa na nini, mwanangu?”

“Mama, kimekula sana.”

“Basi tuchimbie kingine.”

“Cha watu wangapi, mama?”

Akanitazama usoni. “Si uliambiwa wanne?”

Kabla sijajibu, tukasikia mbwa wanabweka. Ni bwana wa dawa, yuko kwenye ukaguzi wake, na askari mmoja nyuma mwenye kiboko kiunoni. Nilijua Moshono ni zamu yake wiki ile. Nilikuwa nimesahau, na usahaulifu huo sijajisamehe.

Akachungulia shimoni. Akaninyang'anya ufito akapima mwenyewe. Akafungua daftari akasoma: dhiraa nne, watu wanne. Akahesabu watu waliotoka kutazama, akiwanyoshea penseli mmoja mmoja. Wanane. Wakati huo majirani nao walishajaa kwenye uzio, kwa sababu Mzungu kuchungulia choo si jambo la kila siku.

“Mwulize mzee,” akaniambia, “yeye na wanawe wanatumia choo hiki?”

Baba mkwe alikuwa na Kiswahili cha sokoni tu. Mimi Kichaga nilifundishwa na mke wangu. Kwa hiyo ilinipasa mimi, mkwe, nimwulize baba mkwe wangu, mbele ya wake zake na binti zake na nusu ya Moshono, kama anakwenda haja. Laiti ardhi ingepasuka! Ardhi ya Meru hupasuka kwa jambo dogo, lakini siku hiyo ilikaza.

Nikauliza, macho chini.

“Situmii,” mzee akasema.

“Anasema hatumii, bwana.”

“Basi anakwenda wapi?”

“Siendi.”

“Anasema haendi.”

“Tangu lini?”

“Tangu nilipotahiriwa.”

Nikatafsiri. Askari, ambaye alikuwa Mmanyema na hajawahi kusikia jambo kama hilo, akaangalia pembeni akauma mdomo. Bwana wa dawa hakucheka. Akalamba penseli.

Nikaona niokoe jahazi. “Bwana, tatizo la choo hiki ni mfereji. Maji yanaingia.”

Akautazama mfereji kule chini ya mteremko. Akakitazama choo huku juu. Akanitazama mimi. “Mfereji huu,” akasema, “unapanda mlima?”

“Asiyetumia choo anakwenda migombani,” akasema. “Askari, mlaze chini.”

Mzee alianza kuvua lubega lake mwenyewe, polepole, akalikunja. Alikuwa tayari. Nilimwona wazi, na roho iliniuma: mtu mzima wa umri ule alikuwa tayari kuchapwa mbele ya watoto wake kuliko kusema neno moja tu, “natumia”. Neno hilo halikuwa na adhabu yoyote. Angelisema, tungekwenda zetu.

Ndipo mama mkwe akasogea mbele. “Mwambie huyo Mzungu amwache. Mume wangu haendi. Nimekaa naye miaka yote hii, sijamwona akienda. Wanangu pia hawaendi.”

Nikatafsiri.

“Na nani amekijaza choo?”

“Mimi,” akasema. “Mimi ni mgonjwa wa tumbo. Najaza kwa watu watano.”

Kule kwenye uzio shingo zilirefuka. Mwanamke aliyeheshimika, mama wa nyumba, amesimama mbele ya majirani anajitangaza kuwa mlafi na mgonjwa wa tumbo. Hakuinamisha kichwa. Nilitafsiri kwa sauti ndogo, bwana wa dawa akanifanya nirudie.

Alijua ni uongo. Hilo nalisema bila shaka yoyote. Lakini alikuwa mtu wa hesabu, na ametajiwa hesabu. “Vizuri,” akasema. “Mgonjwa anatibiwa. Atakuja bomani kila asubuhi, siku saba, nitampa dawa ya kusafisha tumbo. Siku atakayosema si mgonjwa, siku hiyo mzee atalala chini.”

Dawa yenyewe ilikuwa chumvi ya haluli, ile ya kuendesha tumbo. Kikombe kizima cha bati.

Siku ya kwanza mama mkwe alishuka kutoka Moshono kwa miguu, akanywa, akasema asante, akarudi. Njia ile ina miteremko na vichaka, na alivihitaji vichaka vyote. Mke wangu alimfuata nyuma na kopo la maji, analia. Siku ya pili nikamwomba bwana wa dawa apunguze kipimo. Akanijibu kwamba mgonjwa wa watu watano anahitaji kipimo cha watu watano, nishukuru anampa kimoja. Nilimchukia. Nilikula mshahara wake na nikamchukia, na kazi nikaendelea nayo, kwa hiyo sijisifu.

Jioni ya siku hiyo nikamgeukia mke wangu. “Kwa nini mama asiseme ukweli? Au baba?”

“Ukweli gani?”

“Kwamba wanaume wanakwenda! Mnataka niamini kweli hamjui?”

Mke wangu akaweka chini kinu alichokuwa anakiosha. “Siri ya mtungi aijuaye kata,” akasema. “Nguo za kaka zangu unadhani anafua nani? Sisi pia tunafundwa. Siku ya kufundwa tunaambiwa kila kitu, halafu tunaambiwa hatukuambiwa.”

“Kwa hiyo mama anakunywa kitu kile kwa ajili ya uongo ambao kila mtu anaujua?”

“Mama anakunywa kwa ajili ya baba,” akasema. “Na wewe fundi wa vyoo, hujui kitu.”

Nikakumbuka kaure ya yule bwana mkubwa, na mimi na kitambaa changu, nakausha.

Siku ya tatu mama mkwe alifika bomani ameshikwa mkono na mabinti wawili. Siku ya nne hakuja. Bwana wa dawa akatia chupa na kikombe mfukoni akaniambia twende. Hakumchukua askari.

Tulimkuta amelala kwenye ngozi karibu na mlango, midomo imepasuka, macho yameingia ndani. Alikuwa amekonda kwa siku tatu kuliko wengine wanavyokonda kwa mwaka. Karibu na kichwa chake palikuwa na jani la sale, lile ambalo Wachaga humpa mtu wakimwomba radhi. Aliyeliweka alikuwa mzee, na mzee mwenyewe alikuwa ameketi kizingitini, hajala tangu juzi. Vijana watatu wamesimama nyuma yake. Mke mdogo alikuwepo, mabinti walikuwepo, mke wangu alikuwepo, na majirani kama kawaida walikuwa kwenye uzio.

“Mwulize kama bado ni mgonjwa,” bwana wa dawa akasema.

Nikauliza. Niliogopa, kweli niliogopa, kwa sababu nilijua atajibu nini na nikajua hataiweza siku ya nne.

“Bado mgonjwa,” mama mkwe akasema. Sauti haikufika mlangoni.

Bwana wa dawa akakoroga haluli kwenye maji, akainama na kikombe. Mkono wa mzee ukakifikia kabla ya midomo ya mkewe. Akakichukua, taratibu, kama mtu anayepokea mbege kwenye kikao. Akakinywa chote. Akakipindua kuonyesha ni kitupu, akamrudishia.

Mtu aliyezibwa amekunywa haluli, na kila mtu pale alijua haluli haina heshima kwa mtu.

Ndipo nikaona jambo ambalo sijaliona tena maishani. Mke mdogo akasema, “Loo, ng'ombe hajapata majani,” akaondoka mbio. Mabinti wakasema maji yamekwisha, wakachukua vibuyu vilivyojaa wakavimwaga mlangoni na kwenda mtoni. Wanawake kwenye uzio wakakumbuka vyungu vyao motoni, wote kwa pamoja. Mke wangu akaniambia amesahau kitu mjini. “Kitu gani?” “Kitu,” akasema, akaishika njia ya mjini mwendo wa saa nzima. Kufumba na kufumbua hapakuwa na mwanamke hata mmoja Moshono, isipokuwa mmoja asiyeweza kuinuka. Huyo akageukia ukuta akaanza kukoroma. Mama mkwe wangu hakuwahi kukoroma.

Vijana watatu waliliangalia paa. Bwana wa dawa akatoa saa yake mfukoni.

Baada ya muda, mzee akasimama. Akalivuta lubega begani likae sawa. Akachukua fimbo yake. Akatembea kwenda chooni, hatua kwa hatua, bila haraka, ingawa jasho lilimtiririka shingoni na mimi niliyesikia habari za haluli kwa miaka nilijua ile haikuwa safari ya kutembea. Akaingia. Akafunga mlango wa fito. Sitaeleza zaidi, kuta nilizisuka mwenyewe na hazikuwa nene. Mama mkwe alizidisha kukoroma.

Alipotoka alikuja moja kwa moja hadi nilipo. Tangu nimwoe binti yake hajawahi kunitazama machoni. Siku hiyo alinitazama, na macho yake yalikuwa mekundu.

“Mkwe.”

“Naam baba.”

“Kimejaa. Chimba kingine.”

“Cha watu wangapi, baba?”

Akaikita fimbo yake chini. Akapaza sauti, si kwa ajili yangu, ni ili ifike ndani.

“Wanane.”

Bwana wa dawa akaniuliza amesema wangapi, nikamwambia. Akaandika. Nilingoja aseme habari za viboko, maana mzee alikuwa amedanganya mbele yake na uongo ule sasa uko wazi. Akafunga daftari, akatia kikombe mfukoni, akapita getini bila kuaga. Labda aliona hesabu imekubali, basi yamekwisha.

Kule ndani kukoroma kukakoma.

“Wanane?” mama mkwe akasema. Alikuwa bado ameelekea ukutani, na sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa ile ile ya mwenye nyumba. “Kumbe tunatarajia wageni.”

Mzee alisimama pale mlangoni. Akapitisha kiganja usoni, mara moja, mara ya pili.

“Ndiyo, mama watoto,” akasema. “Wageni.”

Nikachimba dhiraa nane. Vijana wale watatu walinisaidia bila kuambiwa, na mama mkwe alipopata nguvu alikuja kuangalia, akasema ni kirefu kweli, hao wageni watafurahi. Kilijaa mwaka ule Wajerumani walipokimbia, miaka mitatu kamili, kama kanuni yangu inavyosema. Na katika miaka yote hiyo, nilikuwa nikipita pale karibu kila wiki, sikumwona mgeni hata mmoja.